Benjamin Franklin na jiko lake

Leo tunawasimulia juu ya Benjamin Franklin wa Marekani. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni. Alisoma masomo miaka miwili tu, kisha akajifunza kazi ya kuchapa.

Kule Philadelphia kuni zilianza kupatikana mbali na kwa bei kali. Watu waliwasha moto ukutani, na joto karibu yote ikapandia moshi. Karibu mwaka 1742 Franklin akatengeneza jiko la chuma la kuweka ndani ya nyumba, kusudi kuni kidogo zilete joto mingi. Liwali akataka kumpa haki ya kuliuza peke yake. Akakataa, sababu aliona sisi wote tunafaidi akili ya wengine, basi na yetu tuitoe bure.

Ile jiko haikuwa kamili, moshi ilisumbua. Lakini mwaka 1744 alieleza yote katika kitabu kidogo, na wengine wakalitengeneza vizuri zaidi. Alikufa mwaka 1790.

Basi, wandugu, nani kati yetu angali anaficha kaye yake karibu na mitihani?