Carl Akeley: mwindaji aliyeguswa na macho ya gorila

BUTEMBO – Makala na mbao hupita kila siku kwenye barabara ya Beni-Butembo, na wachache huuliza vimetoka msitu gani. Macho yamezoea. Carl Akeley, mmoja wa waliosababisha kuundwa kwa Mbuga ya Virunga, naye alikuwa amezoea.

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwinda wanyama na kutengeneza ngozi zao ili wasimame katika makumbusho kama wangali hai. Kwa miaka mingi aliwinda Afrika na kuiona ni kazi ya sayansi tu.

Mwaka 1921 alipanda mlima Mikeno, si mbali na Goma, kutafuta gorila. Msafara wake uliua watano. Mmoja alikuwa mtoto, aliyechomwa mikuki na waongozaji. Akeley alipomkaribia, alimwona akimtazama kama mtoto anayeomba kubebwa. Baadaye aliandika kwamba alijikaza sana ili asijione muuaji.

Hakuishia kwenye huzuni. Aliwaomba wakubwa wa Ubelgiji wawalinde gorila waliobaki. Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi amri ya kuunda mbuga hiyo. Akeley alirudi Mikeno mwaka uliofuata, akaugua, akafa mwezi wa Novemba 1926. Alizikwa huko huko, mahali paitwapo Kabara.

Kufikia mwaka 1935, mbuga ilikuwa imepanuliwa hadi Ishango, bonde la Semliki na Ruwenzori, wilayani Beni. Hapo ndipo penye kidonda. Wakoloni walichora mipaka, na familia zikapoteza ardhi ya babu zao. Huruma iliyomfikia mnyama haikumfikia jirani yake, na hadi leo wakaaji wengine huiona mbuga kama mali ya wageni. Wakati wa vita, watu wenye silaha karibu wawamalize viboko wa mbuga hiyo: kutoka zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970 hadi chini ya 1,000 miaka ya 2000.

Akeley hakubadilishwa na hesabu. Alibadilika alipomtazama usoni aliyeumizwa. Kwa Beni na Butembo, usalama ukirudi, kumpeleka mwanafunzi Ishango akaone viboko na kumsikiliza mkulima aliyepoteza shamba ni kazi moja.