Henry Darcy: Alifariki 1858, hesabu zake zipo kwenye gesi ya Mnazi Bay

Hakuwahi kufika Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay yenyewe iligunduliwa mwaka 1982, miaka 124 baada ya kifo chake. Lakini mhandisi akitaka kujua kisima cha Msimbati kitatoa gesi kiasi gani, anaanza na kanuni ya Henry Darcy.

Darcy alizaliwa Juni 10, 1803 mjini Dijon, Ufaransa. Alifiwa na baba akiwa na miaka 14, mama akapambana asome. Mwaka 1821 alijiunga na École Polytechnique ya Paris, shule ambayo bila kufaulu mtihani wa hesabu huingii. Baada ya hapo akaenda chuo cha wahandisi wa barabara na madaraja.

Aliporudi Dijon, watu walikuwa wanakunywa maji machafu ya visima. Akabuni mfereji uliofunikwa, zaidi ya kilomita 12, unaoleta maji ya chemchemi kwa mteremko tu, bila pampu. Maji yalifika mjini 1840. Malipo ya kazi hiyo aliyakataa.

Baadaye afya yake ikaanza kuyumba, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1855 na 1856 alijaza mchanga kwenye bomba lililosimama wima, akapitisha maji na kupima. Akagundua kwamba tofauti ya msukumo ikiwa mara mbili, maji yanayopita nayo yanakuwa mara mbili. Safu ya mchanga ikirefuka mara mbili, maji yanapungua nusu.

Hadi hapo ni uwiano tu, hata mtoto wa kidato cha pili anaelewa. Sasa twende Mnazi Bay.

Wengi wanadhani gesi imekaa chini kama maji kwenye tangi. Hapana. Imejificha kwenye vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, na inapenya humo kuelekea kisimani kutoka pande zote. Kadiri inavyokaribia kisima, njia inabana na msukumo unashuka kwa kasi zaidi. Kila hatua ina namba yake, kwa hiyo kuzidisha na kugawanya peke yake hakutoshi. Lazima ujumlishe vipande vidogo visivyo na idadi, yaani intigresheni, na jibu linakuja na logarithimu ndani yake.

Kazi hiyo, kwa visima vya maji, ilifanywa na mhandisi mwenzake, Jules Dupuit, mwaka 1863. Darcy hakuiona. Alifariki Paris Januari 3, 1858, akiwa na miaka 54. Dijon wakaita uwanja kwa jina lake.

Jina lake lipo pia kwenye hesabu za msuguano ndani ya mabomba. Na bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, lililokamilika 2015, lina urefu wa zaidi ya kilomita 450.

Kwa hiyo kama upo Mtwara, umemaliza kidato cha nne na unawaza tahasusi, usiikimbie PCM kwa sababu ya zile intigresheni. Kozi nyingi za uhandisi kwenye vyuo vikuu vyetu zinataka ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu. Si kwamba wanakukomoa. Bila hesabu hizo, utaiona gesi ikipita kijijini kwenu na hutajua kisima kimebakiza nini.