Wegener na Mvua ya Mawe ya Masimba

Mwanafunzi wa Jiografia akilisikia jina la Alfred Wegener hukumbuka mabara: kwamba Afrika na Amerika ya Kusini ziliwahi kuungana, kisha zikatengana. Hapo ndipo masomo yetu yamwachapo. Kumbe bwana huyu anamhusu pia mkulima wa chai wa Masimba, katika nyanda za juu za Kisii, ambaye huyatazama mawingu ya alasiri kwa hofu, kwa kuwa mvua ya mawe ya muda mfupi tu yaweza kuyapukutisha majani aliyotarajia kuyachuma.

Wegener alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1880. Alipata shahada ya udaktari katika elimu ya falaki mwaka wa 1905, lakini moyo wake ulivutwa na anga iliyo karibu nasi. Mwaka uliofuata, yeye na nduguye Kurt walielea kwa puto kwa zaidi ya saa 52, wakavunja rekodi ya wakati huo. Kisha akaenda Greenland, akaishi katika barafu hadi 1908. Baadaye alimwoa Else, bintiye Wladimir Köppen, yule yule aliyeainisha tabia za nchi za dunia.

Mnamo 1911, mwaka mmoja kabla ya kuitangaza nadharia yake ya mabara, alitoa kitabu kuhusu angahewa. Humo alidokeza jambo kubwa. Maji ya mawinguni si lazima yagande mara yapoapo chini ya nyuzi sufuri. Matone madogo yakikosa chembe ya kuyagandisha huweza kubaki maji hata karibu na nyuzi 40 chini ya sufuri. Fuwele ya barafu ikizuka kati yake, mvuke huikimbilia. Fuwele hunenepa, matone yakakonda. Tor Bergeron wa Sweden na Walter Findeisen wa Ujerumani waliliendeleza wazo hilo katika miaka ya 1930.

Kutoka hapo hadi kwa mawe ya Masimba si mbali. Fuwele iliyokua huwa nzito, ikaanza kuanguka. Njiani huyagonga matone yale baridi, nayo hugandia juu yake papo hapo. Katika milima ya nchi za baridi, theluji huvikwa barafu kwa njia hiyo hata ikawa punje nyeupe. Kwetu, mawingu marefu ya ngurumo yana upepo wa nguvu upandao juu. Huizuia punje isianguke upesi, nayo huendelea kuokota matone. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa, jiwe hushuka. Tena, mwaka wa 1982, jarida la Tellus lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mabaki ya majani ya chai ya Kenya yana chembe ziwezazo kuanzisha barafu.

Wegener mwenyewe aliuawa na safari za baridi alizozipenda. Mwishoni mwa Oktoba 1930 alifika katika kituo kilichokuwa katikati ya Greenland, ambako wenzake walihitaji mahitaji ya kipupwe. Tarehe 1 Novemba, siku alipotimiza miaka 50, alianza safari ya kurudi pwani pamoja na Rasmus Villumsen, kijana mwenyeji wa huko. Hawakufika. Mwili wa Wegener ulipatikana Mei 1931, umezikwa kwa heshima. Villumsen hakuonekana tena.

Nadharia yake ya mabara ilikuwa imepingwa vikali, na haikukubaliwa kwa jumla hadi miaka ya 1960. Funzo kwa walimu wetu ni bayana. Tusimfundishe Wegener kama jina la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mvua ya mawe ikipiga mabati ya darasa hata sauti ya mwalimu isisikike, na asubiri itulie, kisha awatoe wanafunzi nje, waokote jiwe, walipasue na kuzitazama tabaka zake. Mtoto wa mkulima anastahili kujua ni nini kilichoiangamiza chai ya babake.