Maria Montessori, daktari aliyewapa watoto wa vibarua mahali pa kushinda

Kuanzia Mwakitolyo, Shinyanga, hadi Nyarugusu, Geita, wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda machimboni. Mtoto mdogo abaki na nani? Akipelekwa mialoni, atakutana na vumbi na zebaki.

Swali hilo lilimkuta pia Maria Montessori. Alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari mwaka 1896, wakati madaktari wanawake walikuwa wachache mno. Mwaka 1906 aliombwa kusimamia watoto wasiofikia umri wa shule huko San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Wazazi walishinda kazini, watoto wakazurura na kuharibu majengo. Aliwatengea chumba, meza na viti vya kimo chao, na kazi za mikono: kunawa, kufagia, kupanga vitu. Kisha akawatazama kwa makini. Watoto wakatulia, wakajifunza. Alifariki Uholanzi mwaka 1952, lakini njia yake inafundishwa hata Tanzania.

Basi mzazi, kabla ya kulipa ada, kaa kituoni walau saa moja. Usiangalie rangi ya ukuta tu. Tuangalie watoto wanafanya nini, mlezi yuko wapi, na tuulize ustawi wa jamii kama kituo kimesajiliwa.