Van Gogh na Wafumi wa Brabant

Mgeni azuruye jimbo la Brabant, kusini mwa Uholanzi, huonyeshwa nyayo za Vincent van Gogh kila pembe. Mchoraji huyu, mwana wa kasisi wa Kiprotestanti, alizaliwa Zundert mwaka 1853. Lakini penye uzito ni Nuenen, alikorejea kwa wazazi wake Desemba 1883, mtu wa miaka 30, hana pato ila fedha za nduguye Theo.

Nuenen kilikuwa kijiji cha wafumi. Walifuma nguo majumbani mwao, kitanda cha mfumi kimejaza chumba, na ujira haba. Vincent aliingia humo akawachora. Mwaka 1885 akachora jamaa ya wakulima wakila viazi chini ya taa ya mafuta. Alitaka ionekane kwamba mikono iliyo sahanini ndiyo iliyochimba udongo. Sisi tungesema: chakula cha halali. Rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard, alipoona nakala aliibeza. Naye padri wa Kikatoliki akawakataza waumini wake kukaa wachorwe. Novemba akaondoka, asirejee tena Uholanzi.

Alifariki Ufaransa Julai 1890. Mwaka uliofuata, mjini Eindhoven, jirani na Nuenen, Gerard Philips na babake walianzisha kiwanda cha globu za umeme, ndio hao hao Philips ambao redio zao tulizijua hata huku pwani. Ile picha ya taa ya mafuta sasa imo Amsterdam, katika jumba lenye jina lake Vincent.