Siti binti Saad na Sahani za Santuri

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Walikuwa watu maskini, wakilima na kufinyanga vyungu. Siku hizo utumwa ulikuwa halali Unguja, wala haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Mtoto huyo hakujua kusoma wala kuandika. Alichojifunza ni ufinyanzi.

Alipokua alichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza, huku akiimba ili watu wajue kuwa mwuzaji amefika. Kila mama wa Kibondo au Kasulu aliyepata kubeba mzigo kwenda gulioni anaijua njia ya namna hiyo. Wanunuzi wakawa wanaitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alipendezwa na sauti yake, akamfundisha kuimba pamoja na vinanda. Baadaye aliungana na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, akataja mapenzi, dhuluma na mashaka ya watu wa kawaida. Basi aliyeitwa Mtumwa akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Mwezi wa Machi 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, India, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri za His Master's Voice. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika sahani. Sahani hizo zilienea pwani na bara, na watu wasiopata kuiona Unguja walikusanyika penye gramafoni kumsikiliza. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Siti hakuacha kitabu alichoandika kwa mkono wake. Urithi wake umo katika mifereji myembamba ya sahani zile, kila upande kiasi cha dakika tatu. Nyimbo zake kadha zimekwisha nakiliwa kwa mitambo ya kisasa, lakini anayetaka kumsikia kama walivyomsikia watu wa zamani hana budi kupata gramafoni ya kutia ufunguo iliyo nzima.

Na hapo ndipo penye kazi. Ndani ya gramafoni mna springi ya chuma iliyojikunja ndani ya kopo, na kidhibiti mwendo kinachoifanya sahani izunguke mara 78 kwa dakika. Mbele yake mna kisanduku cha sauti chenye kiwambo chembamba cha ulanga, kilichoshikwa na mipira. Kwa miaka mingi grisi hukauka, mipira huwa migumu kama jiwe, na kiwambo hupasuka. Fundi mwenye haraka hubandika kitu chochote kinachoingia. Fundi mwenye busara hutafuta gramafoni nyingine iliyokufa, ya aina ile ile, akatoa humo kipande cha asili. Kopo la springi halifungui kabla ya kuilegeza kabisa, maana springi iliyokazwa huweza kumkata mtu.

Sindano ya chuma hubadilishwa kila upande wa sahani. Sindano butu, au kisanduku kilichokakamaa, hulima mifereji, na sauti iliyolimwa hairudi.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkiona kwa babu sanduku la gramafoni lililojaa vumbi, msiling'oe vyuma vyake kwa kuchezea, wala msikubali liuzwe kama takataka. Pengine kipande kimoja cha humo ndicho anachokosa mwenye sahani ya Siti. Mwuza vyungu wa Fumba alisafiri mbali ili sauti yake ibaki. Kuitunza ni juu yetu.