Tom Campbell Black, rubani wa Nairobi aliyeishinda njia ya Melbourne

Alfajiri ya Oktoba 20, mwaka 1934, ndege ishirini zilianza kuondoka Mildenhall, mashariki mwa Uingereza, kushindana kufika Melbourne, Australia, umbali wa kilomita zipatazo 18,000. Moja kati yao, Comet nyekundu ya kampuni ya de Havilland, ilikuwa mikononi mwa Charles Scott na Tom Campbell Black.

Ndege ya aina hiyo ilikuwa imeruka kwa mara ya kwanza wiki sita tu kabla ya hapo. Ilikuwa ya mbao, nyembamba, na magurudumu yake yalikunjwa kwa kuzungusha gurudumu la mkono. Matangi makubwa ya mafuta yalikaa mbele ya marubani, yakiwazuia kuona vyema wakati wa kutua.

Campbell Black, hata hivyo, hakuwa mgeni wa safari ndefu. Alizaliwa Brighton mwaka 1899, akapigana Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akahamia Kenya. Mwaka 1929 alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi. Uwanja wa ndege wa Wilson ungali na jina la mama huyo. Ndiye aliyemfundisha urubani Beryl Markham. Mwaka 1931 alimwokoa rubani Mjerumani, Ernst Udet, aliyekwama nyikani Sudan.

Uzoefu huo ulihitajika juu ya Bahari ya Timor. Injini moja ilipoteza shinikizo la oili, na marubani hao wakafika Darwin kwa injini iliyobaki. Mafundi waliitengeneza kadiri walivyoweza, nao wakaendelea bila kuthubutu kuiendesha kwa nguvu zote. Walifika Melbourne wa kwanza, kwa muda wa saa 71 hivi.

Kifo hakikumkuta angani. Septemba 19, 1936, katika uwanja wa Speke, Liverpool, alikuwa akiendesha ndege yake ndogo ya Mew Gull ardhini, akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ikaigonga, na rafadha yake ikapasua chumba cha rubani. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Siku kumi baadaye, ndege tisa ziliondoka Portsmouth bila yeye. Ni moja tu iliyofika Johannesburg, na mmoja wa marubani wake wawili alikuwa Charles Scott.